Mawimbi ya ubongo: Je, mtoto wa kifafa ni lazima apimwe EEG?

Tuseme mama wa Itiryo, huko nyanda za juu za Tarime karibu na mpaka wa Kenya, amempeleka mwanawe hospitali ya wilaya kwa sababu ya kuanguka mara kwa mara. Anarudi nyumbani na karatasi ya rufaa, na juu yake zimeandikwa herufi tatu: EEG. Jioni hiyo ndugu wanakaa kujadiliana. Shangazi amesikia kwamba ni mashine ya kupiga ubongo kwa umeme. Babu anasema ugonjwa huu si wa hospitali. Baba yuko kimya anahesabu: nauli ya watu wawili hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 250, chakula, mahali pa kulala, na malipo ya kipimo chenyewe. Macho yake yanaelekea zizini. Je, auze ng'ombe?

Ni swali la haki, na tumeona vema tulijibu katika kurasa hizi, maana si la Itiryo peke yake. Mama wa Mugumu analo, na wa Sirari, na wa Ifakara vilevile. Tutasema tangu mwanzo tunavyoamini: kipimo hiki ni kizuri na wakati mwingine huokoa, lakini ni shahidi wa pili. Shahidi wa kwanza ni wewe mama uliyemwona mtoto akianguka. Mtoto asikose dawa kwa sababu tu mashine iko mbali.

Umeme mdogo kuliko wa tochi

Ubongo hufanya kazi kwa umeme. Chembe zake hupelekeana habari kwa mishtuko midogo mno, na mamilioni ya chembe yanapofanya kazi pamoja, umeme huo hufika hadi kwenye ngozi ya kichwa. Hapo hupimwa kwa sehemu za milioni moja za volti. Betri moja ya tochi ina nguvu kuupita mara makumi ya maelfu. Ndiyo maana ilichukua muda mrefu kuunasa. Aliyefaulu kwanza kwa binadamu ni daktari wa Ujerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena mwaka 1924. Alikawia miaka mitano kabla ya kutangaza, na alipotangaza mwaka 1929 wengi hawakumwamini.

Kifafa ni nini basi? Ni hali ya chembe nyingi za ubongo kutoa umeme kwa wakati mmoja na kwa nguvu isiyo na mpangilio, tena zaidi ya mara moja, bila homa wala sababu nyingine ya wakati ule. Zikilipuka ubongo mzima, mtoto huanguka, hukakamaa, hutetemeka, hutoa povu, pengine hujikojolea. Zikilipuka sehemu moja tu, huenda mkono mmoja tu ukacheza, au mdomo ukavutwa upande. Povu lile ni mate tu. Halina kijidudu cha kifafa, na aliyeligusa haambukizwi. Tunalitaja kwa sababu mpaka leo wako watoto wanaoachwa waungue jikoni kwa kuwa kila aliye karibu anaogopa mate.

Shangazi wa mfano wetu tumwondolee hofu. Mashine ya EEG haipeleki umeme kichwani. Inapokea tu, kama redio inavyopokea sauti. Haisomi mawazo wala haioni dhambi za mtu. Mtoto hulazwa au hukalishwa kwenye kiti, mtaalamu anampima kichwa kwa utepe na kubandika visahani vidogo vya chuma, kwa kawaida kama ishirini hivi, kwa dawa inayonata kama uji mzito. Kila kisahani kina waya wake. Mistari huanza kutembea kwenye kioo cha kompyuta (zamani ilikuwa kalamu juu ya karatasi ndefu), na mtoto anatakiwa atulie tu. Baada ya hapo huambiwa afumbe macho na kufumbua, avute pumzi kwa nguvu kwa dakika tatu kama anayepuliza moto wa kuni mbichi, na atazame taa inayomulika na kuzima haraka. Ikiwezekana alale kidogo. Kazi yote huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Hakuna sindano, na hakuna maumivu isipokuwa ya kusuguliwa ngozi kidogo.

Pale kipimo kinapookoa

Yuko mtoto ambaye haanguki kamwe. Anasoma kitabu, ghafla ananyamaza, macho yanabaki wazi yametazama mbali, kope zinacheza kidogo, na baada ya sekunde kumi anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Jambo hili laweza kumpata mara nyingi sana kwa siku moja. Mwalimu anaona mtoto mvivu asiyesikiliza, na fimbo inafuata. Nyumbani anatumwa chumvi, anasimama katikati ya njia, na akifika dukani amesahau alichotumwa. Naye mama anakata shauri kwamba ana kiburi. Kumbe ni kifafa cha kuzubaa, kinachoanza mara nyingi kati ya miaka 4 na 10.

Kwa mtoto huyu EEG ni ushahidi mkubwa. Mwaka 1935 madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba katika vipindi hivyo vya kuzubaa mashine huandika alama ya pekee: mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, mara tatu kwa kila sekunde, pande zote za kichwa. Kule kuvuta pumzi kwa nguvu mara nyingi hukileta kipindi pale pale mbele ya mtaalamu. Faida yake haiishii kwenye kujua jina la ugonjwa. Kabamazepini, dawa inayosaidia vizuri aina nyingine za kifafa, yaweza kuzidisha kuzubaa huku, na fenitoini vilevile. Mama anampa mtoto dawa kwa uaminifu kila siku, na mtoto anazidi. Anakata tamaa na kurudi kwa mganga wa kienyeji, kumbe ilihitajika dawa nyingine tu.

Yuko mwingine ambaye mdomo wake huvutwa upande usiku, anakoroma, mate yanamtoka, anashindwa kusema ingawa anasikia. Miiba ya EEG ikionekana mahali fulani pembeni mwa kichwa, hasa akiwa usingizini, daktari anaweza kumpa mama habari njema: aina hii huelekea kwisha yenyewe, mara nyingi kabla mtoto hajapita miaka 16.

Wa tatu ndiye anayetutia haraka. Ni mtoto mchanga wa miezi mitatu hadi mwaka mmoja, ambaye akiamka anajikunja ghafla, kichwa na mikono vikienda mbele, analegea, kisha tena, na tena, mara kumi au ishirini mfululizo. Bibi anasema ni tumbo. Anapewa maji ya dawa za mitishamba. Wakati huo huo mtoto aliyekwisha kujifunza kucheka anaacha kucheka, na aliyekaa anashindwa kukaa. Huu si ugonjwa wa tumbo. EEG ya mtoto kama huyu mara nyingi huonyesha mistari iliyovurugika kabisa, isiyo na mpangilio hata kidogo, na dawa zake ni tofauti na za kifafa cha kawaida. Kila wiki inayopita inaondoka na sehemu ya akili yake. Mama ukiona hayo usingoje mavuno. Kama kuna safari ya kuuzia ng'ombe, ni hii.

Kule Kilifi walichokiona

Degedege kila mama wa Kiswahili analijua, na katika sehemu nyingi za pwani watu walisema ni ndege au nondo wa usiku anayempitia mtoto. Mtoto alifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo na kuoshwa kwa majani kabla ya kufikishwa hospitali, kama walivyoandika watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990.

Miaka hiyo hiyo, huko Kilifi kwenye pwani ya Kenya, madaktari waliwabandika visahani vya EEG watoto waliozimia kwa malaria kali. Walikuta jambo la kusikitisha. Baadhi ya watoto waliolala kimya, ambao kila mtu aliona degedege limekwisha, walikuwa bado wanaendelea nalo ndani ya kichwa. Kwa nje dalili zilikuwa ndogo tu: macho yameelekea upande mmoja, mate yanachuruzika, kidole kinacheza, pumzi inakatika katika. Mashine ndiyo iliyowaonyesha.

Baadaye walifuatilia watoto waliopona, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2004. Miongoni mwa watoto waliokuwa wamepata malaria ya ubongo, karibu 9 katika kila 100 walikuwa na kifafa. Kwa waliopata malaria yenye degedege la muda mrefu au la kurudia rudia, ilikuwa zaidi ya 11. Kwa watoto ambao hawakupata malaria kali ilikuwa kama 2. Degedege la homa la dakika chache halipaswi kukuogofya sana, wengi hupona wasiwe na tatizo lolote. Lakini lile lisilokoma, au linalorudi mara tatu kwa siku, laweza kuacha kovu. Chandarua na kuwahi kituo cha afya siku ile ile ya homa ni kinga ya kifafa pia, ingawa hatujazoea kuviita hivyo.

Pale kipimo kinaponyamaza

Sasa tuseme ukweli ambao familia nyingi huambiwa baada ya kurudi na karatasi mkononi. Mtu mwenye kifafa cha hakika akipimwa EEG mara ya kwanza, kuna karibu nusu kwa nusu kwamba kipimo hakitaonyesha kitu. Sababu ni rahisi: mashine inasikiliza kwa nusu saa, na ugonjwa una wiki nzima ya kuchagua saa ya kutokea. Kipimo kikirudiwa, hasa mtoto akiwa amelala, nafasi ya kuuona huongezeka. Lakini karatasi safi haina maana kwamba mtoto hana kifafa, wala kwamba mama alikuwa anatunga. Tena haina maana kwamba «hospitali wameshindwa, kwa hiyo ni mapepo».

Kinyume chake kipo pia. Wapo watoto wachache wenye afya njema ambao mistari yao ina miiba na hawajaanguka hata siku moja. Hao hawatibiwi karatasi. Daktari mwenye busara hamwanzishii mtoto dawa za miaka kadhaa kwa sababu ya mistari peke yake.

Wala EEG haisemi kifafa kilitokana na nini. Kama ni kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni, hayo hutafutwa kwa njia nyingine, ikiwemo picha ya kichwa ya CT.

Ndiyo maana tunasema maelezo yako ndiyo ya kwanza. Katika Injili ya Marko sura ya 9 kuna baba aliyemleta mwanawe aliyekuwa akianguka na kutoa povu. Kabla ya kumponya, Bwana alimwuliza yule baba jambo hili limempata tangu lini, naye baba akaeleza tangu utotoni, na jinsi kijana alivyokuwa akitupwa motoni na majini. Wapo wahubiri wanaoitumia sura hii kuwaambia akina mama waache vidonge. Sisi twaona ajabu kwamba hawalisemi lile swali, ambalo ndilo analouliza tabibu wa zahanati mpaka leo. Sala na dawa havijawahi kugombana katika nyumba zetu. Wanaogombana ni watu.

Hata bila mashine watu wametibiwa. Huko Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mahali ambapo wagonjwa walitengwa, wakila peke yao na kulala peke yao. Hakuwa na EEG milimani kule. Alikuwa na masikio ya kusikiliza ndugu wa mgonjwa, na vidonge vya fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyopo hadi leo. Wengi walipungukiwa na kuanguka. Huko huko aliona watoto wanaosinzia kwa kichwa, kikishuka na kuinuka, hasa wakati wa kula. Miaka mingi baadaye tatizo la namna hiyo lilijitokeza kwa wingi kaskazini mwa Uganda, na watafiti waliowapima watoto kwa EEG huko Kitgum, ripoti yao ikitoka mwaka 2013, walithibitisha kwamba kule kusinzia nako ni kifafa. Basi mashine ilikuja kuthibitisha, matibabu yalikuwa yameanza zamani.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa duniani, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata uchunguzi na dawa sahihi. Tanzania si nyuma katika ugonjwa huu. Utafiti wa maeneo matano ya Afrika uliotolewa mwaka 2013 ulikuta Ifakara ikiongoza, kwa watu karibu 15 wenye kifafa cha kuanguka katika kila 1,000.

Kabla hujapanda basi

Turudi kwa yule mama wa Itiryo. Kwanza aanze na daftari la senti chache. Aandike tarehe, saa, mtoto alikuwa anafanya nini, amelala au macho, kulianza upande gani, macho yalielekea wapi, ilichukua dakika ngapi, na baadaye alikuwaje. Kama hajui kuandika, mtoto mkubwa aandike. Na kama jirani ana simu yenye kamera, apige picha ya video kuanzia mwanzo, uso na mikono vionekane. Video ya dakika moja humsaidia daktari mara nyingi kuliko karatasi ya mistari. Isitumwe kwenye makundi ya simu. Ni ya daktari peke yake, maana mtoto huyu atakua na kutafuta mchumba.

Wakati wa tukio lenyewe mlaze kwa ubavu, mwondolee vitu vya kuumiza, usimtie kijiko mdomoni wala kumnywesha chochote. Likipita dakika tano, twende hospitali.

Halafu amwulize tabibu maswali mawili bila kuona haya: je, dawa inaweza kuanza sasa wakati tunangoja kipimo? Na je, matokeo ya kipimo yatabadilisha dawa? Mtoto anayeanguka mwili mzima, mwenye maelezo yanayoeleweka, mara nyingi anaweza kuanzishiwa dawa wilayani. Yule anayezubaa, yule mchanga anayejikunja, yule ambaye dawa mbili zimeshindwa, au ambaye haijulikani kama anazimia au ni kifafa, huyo rufaa yake ina maana kubwa.

Rufaa za Mara huelekea Bugando, Mwanza, na nyingine hufika hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya kuuza chochote, daktari wa wilaya aombwe apige simu: mashine inafanya kazi wiki hii? Mtaalamu wake yupo, au yuko likizo? Nani atasoma mistari hiyo, na majibu yatarudi lini? Kama mna bima, je, inalipia? Tumesikia habari za familia zilizofika mjini zikaambiwa warudi mwezi ujao, na simu moja ingewaepusha.

Siku ya kipimo mtoto afumuliwe nywele zote na kuoshwa kichwa kwa sabuni jana yake, bila mafuta hata tone, maana mafuta na misuko huzuia visahani kushika. Wanafunzi walionyolewa hawana taabu hiyo. Ale kama kawaida. Dawa zake anywe kama kawaida, asiachishwe ili «ugonjwa uonekane», isipokuwa daktari mwenyewe ameagiza. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kuanguka kusikokoma. Akiambiwa alale kidogo usiku ule, basi mama naye ajiandae kukesha akimsimulia hadithi, na amwangalie ndani ya basi asisinzie. Karatasi ya majibu aitunze pamoja na kadi ya kliniki mahali pasipovuja, kwa sababu itahitajika tena.

Dawa ikishaanza ni ya kila siku, kwa saa ile ile, hata mwezi mzima usipoona tukio. Kwa kawaida daktari hafikirii kuipunguza mpaka mtoto amekaa kama miaka miwili bila kuanguka, na hupunguza polepole. Mvua za masika zikikata barabara, chukueni ya miezi miwili mapema.

Na kama mtoto wenu ni wa kike na anatumia valproeti, dawa inayotibu vizuri kuzubaa na aina nyingine, rudini kwa daktari kabla hajavunja ungo mkaulize upya. Dawa hiyo ikitumiwa na mjamzito, karibu mtoto 1 katika 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na wengine huchelewa kujifunza. Asiiache mwenyewe kwa hofu. Dawa nyingine zipo, na kubadilisha ni kazi ya miezi, kwa hiyo ianze mapema.